Punda Wazee na Punda Waliookolewa Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matibabu na Siku za Mwisho

Mji wa kale wa Lamu, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari halipiti. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, magunia ya unga, vyote hushushwa gatini na kupandishwa mjini kwa mgongo wa punda. Punda huyo akizeeka, akivunjika au akiachwa ajitafutie jaani, ndipo maswali haya huanza kuulizwa vibarazani. Majibu ni ya mtu anayewahudumia punda wa aina hiyo akishirikiana na madaktari wa mifugo. Hayachukui nafasi ya daktari, ila yatakusaidia kujua lini umwite na umwambie nini.

Mnaposema punda "aliyeokolewa", mna maana gani? Hapa hakuna vita.

Wengi hawakuokolewa kutoka mikononi mwa mtu katili. Waliokolewa kutoka kwenye umaskini au uzembe. Mwenyewe amefariki na warithi wamehamia Mombasa, au punda ameumia mguu na kijana wake amenunua mwingine. Wengine wametelekezwa baada ya miaka ya kubeba matofali. Wapo pia waliopigwa na kufungwa bila maji, na hao Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360 ya sheria za Kenya, inawahusu moja kwa moja. Kwa matibabu, historia yake ni muhimu kuliko lawama. Ukimchukua punda wa mtu, uliza alikuwa akibeba nini, alikula nini, aliwahi kuchanjwa au la. Ukianza kwa kugomba hutajibiwa.

Punda huishi miaka mingapi?

Akitunzwa vizuri hupita miaka 30, na wengine hukaribia 40. Punda wa kazi nzito, mwenye njaa na minyoo, wengi hawafiki nusu ya hapo. Umri husomwa kwenye meno ya mbele, lakini baada ya miaka 10 hivi inakuwa kukisia, basi usimbishie mtu kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa mnyama mzee swali la maana ni kama meno ya nyuma bado yanasaga.

Nimemchukua punda amebaki mifupa. Nimpe pumba nyingi apate nguvu haraka?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloua punda waliokwisha kuokolewa. Mwili uliokaa na njaa kwa wiki nyingi umezoea kujilisha kwa mafuta na nyama yake wenyewe. Ukiumiminia wanga kwa ghafla, chumvichumvi muhimu za damuni, hasa fosfeti, hukimbilia ndani ya seli, na moyo na pumzi huweza kushindwa siku chache baadaye, wakati wewe unajipongeza kwamba anakula kweli.

Mpe majani makavu ya kawaida, kidogo kidogo, kila baada ya saa nne hivi, usiku nao ukiwemo. Kifungu cha mkononi kwanza, kesho yake kilichozidi kidogo, mpaka siku kumi hivi zipite ndipo afikie chakula chake kamili. Pumba, mahindi na mabaki ya wali yangoje. Maji awe nayo muda wote, isipokuwa yule aliyekaukiwa kabisa, ambaye huanzishiwa kidogo kidogo mara nyingi. Dawa ya minyoo pia si ya siku ya kwanza. Daktari ataamua lini mwili unaweza kuihimili.

Akishapona, kumbuka punda si ng'ombe. Punda wa kilo 130 hutosheka na kilo 2 hivi za majani makavu kwa siku. Mtu mwenye huruma humnenepesha mpaka shingo ikalala upande mmoja, na unene huo humletea ugonjwa wa kwato na ule wa mafuta damuni tutakaouona hapa chini.

Nitajuaje kuwa anaumwa? Yeye husimama tu.

Kusimama tu ndiko kuumwa kwenyewe, mara nyingi. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo hujitupa chini, hugaagaa, hutoka jasho, na kila mtu huona. Punda mwenye maumivu yale yale huinamisha kichwa, masikio yakalegea pembeni, akajitenga na mwenzake. Basi. Ukipita haraka utasema amepumzika.

La hatari zaidi ni kwamba hujifanya anakula. Ataweka mdomo ndani ya majani, atayasukuma huku na huku, na ukiwa umesimama mbali utaridhika. Sogea karibu. Tazama taya: linasaga? Tazama koo: linameza? Pima majani asubuhi na uyapime tena jioni. Tazama na mavi, kwani punda ambaye hajanya tangu jana hana raha, hata akikutazama kwa utulivu namna gani.

Nunua kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa. Punda mzima aliyetulia kivulini huwa na joto la mwili kati ya 36.2 na 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, na pumzi 12 hadi 28. Mchana wa kaskazi joto linaweza kupanda kidogo, kwa hiyo pima asubuhi mapema, mara kadhaa akiwa mzima, uandike. Namba zake mwenyewe zitakufaa kuliko za kwenye karatasi yoyote.

Jambo moja zaidi. Methali ya shukrani ya punda imewafanya watu wachukulie teke kuwa tabia. Punda mzee aliyekuwa mpole miaka yote, akaanza kurusha mateke ukimgusa kiuno au ukiinua mguu wake, ana mahali panapomuuma.

Hajala tangu jana lakini haonekani mgonjwa. Ningoje?

Usingoje. Punda anapoacha kula, kwa maumivu, kwa hofu, kwa safari au kwa huzuni, mwili hufungulia akiba ya mafuta na kuyamwaga damuni kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Daktari akivuta damu kwenye chupa ndogo na kuiacha itulie, maji ya juu badala ya kuwa angavu huwa meupe kama tui. Kufika hapo ini na figo zimeshaanza kuumia, na wengi hawarudi. Walio hatarini zaidi ni wanene, wazee, na majike wenye mimba au wanaonyonyesha.

Wakati daktari yuko njiani, mtie hamu kwa chochote anachokipenda: majani mabichi, ganda la ndizi, pumba kidogo iliyolowekwa maji ya uvuguvugu yenye sukari. Hapa ile kanuni ya kumnyima vitamu haifanyi kazi.

Anatafuna halafu anatema mabonge. Ni uzee tu?

Ni meno. Mabonge yale ya majani yaliyosokotwa, yenye mate na harufu ya kuoza, ni dalili ya wazi. Meno ya punda huendelea kuchomoza karibu maisha yake yote huku yakilika kwa kusaga. Yasipolika sawasawa, kingo zake huwa kali na kukata mashavu na ulimi. Kwa mzee, mengine hulegea au kung'oka na chakula hujazana kwenye mapengo.

Pitisha kiganja chako taratibu juu ya shavu kwa nje, kuanzia pembe ya mdomo kwenda nyuma. Akistuka au ukihisi bonge lisilohama, umeshapata jibu. Usitie mkono ndani. Meno ya nyuma hayajui kidole cha rafiki. Daktari hutumia chombo cha kuachamisha mdomo na tupa ndefu, baada ya kumpa dawa ya kumtuliza. Mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi, mara mbili kwa wazee.

Asiye na meno ya kusaga bado anaweza kuishi miaka. Mkatie majani mafupi sana, loweka, changanya na pumba ya ngano mpaka iwe uji mzito, mpe mara nne au tano kwa siku. Ni kazi, na ndiyo sababu wengi huiacha wiki ya pili.

Kwato zimerefuka na kujikunja. Zikatwe zote siku moja?

Hapana. Zilizojikunja kwa miaka zimebadilisha mkao wa mifupa na mishipa ya mguu, na kuzirudisha kwa siku moja ni kumuumiza upya. Hupunguzwa kidogo, wiki kadhaa zikapita, kisha tena. Fundi awe anayewajua punda, kwa sababu ukwato wa punda umesimama wima kuliko wa farasi, na akiukata kwa kipimo cha farasi atamharibu. Punda wa kazi husagika kwato kwenye mawe ya mjini. Akistaafu na kukaa kwenye mchanga laini zinakua bila kizuizi, na huo ndio wakati ambao wenye punda humsahau.

Ukwato wenye moto usio wa kawaida, na punda anayeegemea nyuma ili kupunguza uzito miguu ya mbele, ni dharura. Usimtembeze.

Vidonda vya mgongoni vitapona kwa kuchomwa na chuma cha moto?

Havitapona. Kuchoma huongeza jeraha la pili juu ya la kwanza, na maumivu ya moto humfanya asahau kwa muda yale ya zamani, ndipo watu wakadhani amepata nafuu. Mafuta machafu ya injini na majivu ya betri nayo yaacheni.

Donda la tandiko lina dawa moja ambayo hakuna anayeipenda: kutobeba. Lioshe kwa maji safi yaliyochemshwa na chumvi kidogo na kupoa, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Likaushe, lizuie nzi, na kila siku uangalie kama kingo zinasogeleana. Funza, usaha wenye harufu au mfupa kuonekana ni kazi ya daktari. Na kabla hajarudi kazini, tazama shogi na tandiko lenyewe, maana mshono ule ule mgumu utamkata pale pale.

Chanjo na minyoo?

Pepopunda kwanza. Chanjo mbili zikitengana wiki nne hadi sita, kisha marudio kama daktari atakavyopanga. Kila punda mwenye jeraha ambaye historia yake haijulikani achukuliwe kuwa hajachanjwa. Kichaa cha mbwa kila mwaka. Minyoo kwa ushauri, si kila mwezi kwa mazoea, na dozi kwa uzito wa kweli.

Ninazo diclofenac za goti langu. Nimpe?

La. Dawa za maumivu za watu, zikitolewa kwa kukisia, zinatoboa tumbo na kuua figo, hasa kwa mnyama aliyekaukiwa na maji. Hata dawa za farasi haziendi vile vile. Phenylbutazone, ambayo madaktari wengi huitumia, hutoka mwilini mwa punda haraka kuliko mwilini mwa farasi, kwa hiyo dozi ya farasi mara moja kwa siku inaweza kumwacha punda na maumivu nusu ya siku. Nyingine ni kinyume, hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Daktari aliyezoea farasi tu umkumbushe kwa adabu kwamba huyu ni punda.

Ukipewa dawa ya siku tano, toa siku tano. Mzee wa viungo anaweza kuhitaji dawa mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuna aibu katika hilo.

Tumbo limevimba na anakula jaani. Ni majuala?

Inawezekana sana. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na majaa yamepungua majuala, lakini kamba, vifungashio na mabaki ya nyavu vipo. Plastiki haisagiki. Hujikusanya na kamba na mchanga mpaka ikawa bonge linaloziba utumbo. Daktari anaweza kupitisha mpira puani hadi tumboni na kutia maji na mafuta ya kulainisha, na wengine hupona. Bonge likiziba kabisa, linalobaki ni upasuaji mkubwa wa tumbo ambao kisiwani haupatikani, na hapo mazungumzo hubadilika. Kinga ni kumlisha nyumbani ili asilazimike kuzurura. Sijui namna nyingine ya kulisema hili.

Nitajuaje kwamba sasa inatosha, apumzishwe kwa sindano?

Yapo mambo yasiyo na mjadala: mfupa mrefu wa mguu uliovunjika na kutokeza nje, ukwato ambao mfupa umetoboa wayo, pepopunda lililomlaza asiweze kuinuka, msokoto wa tumbo usiosikia dawa. Kwa kichaa cha mbwa usimguse kabisa. Funga njia, zuia watoto, piga simu ofisi ya mifugo.

Uzee ni mgumu zaidi kwa sababu haufiki siku moja. Tunawashauri wenye punda wajiulize haya, kwa wiki mbili mfululizo. Anakula na kumeza? Anaweza kulala na kuinuka mwenyewe? Anafika kwenye maji bila kusukumwa? Bado anamfuata mwenzake? Dawa aliyopewa inamsaidia kuliko wiki iliyopita, sawa, au kidogo? Kila jioni weka alama kwenye kalenda, siku njema au siku mbaya. Macho ya mwenyewe yanadanganya, kwa sababu kila siku unamlinganisha na jana, na jana naye alikuwa mgonjwa. Mwite jirani ambaye hajamwona mwezi mzima, umsikilize.

Rai yangu, na wapo wasiokubaliana nami: wiki moja mapema ni bora kuliko siku moja kuchelewa. Wengi hungoja mpaka mnyama ameanguka kwenye ngazi za kichochoro usiku, watu wanamvuta kwa kamba, na daktari yuko ng'ambo ya maji.

Sindano ya mwisho inakuwaje?

Ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na dawa yenyewe haiuzwi dukani. Huchaguliwa mahali pa mchanga laini, penye kivuli na nafasi, ambapo mkokoteni unaweza kufika baadaye. Kama ana mwenzake, mwenzake awe karibu. Mpe anachokipenda kama bado anakula.

Daktari hunyoa kipande kidogo shingoni na kuingiza mpira mwembamba kwenye mshipa mkubwa. Kwanza hutoa dawa ya kumtuliza. Baada ya dakika chache kichwa hushuka, mdomo wa chini hulegea, kope huwa nzito. Hapo ndipo huingia pentobabitoni, dawa ya mwisho yenyewe, kwa wingi, na kwa kawaida kabla ya dakika moja kupita miguu hukunjika. Anayeshika kamba asimame upande ambao hataangukiwa na aongoze kichwa chini polepole. Daktari husikiliza moyo mpaka unyamaze, kisha hugusa mboni ya jicho kuhakikisha.

Mambo yanayowatisha watu ni haya: macho hayafumbi, mwili unaweza kuvuta pumzi kubwa mara moja au mbili, misuli hutetema, mkojo hutoka. Hayo hutokea baada ya fahamu kuondoka. Aambiwe kila aliyesimama pale kabla ya kuanza.

Penginepo hutumika risasi kwa mtu aliyefunzwa. Ikipigwa mahali pake haina mateso, ila katikati ya mji wa Lamu si jambo la kufikiria. Kisu si njia.

Dini inaruhusu? Mzee wangu amekataa kata kata.

Swali hili halijibiwi na tabibu, na tusijifanye masheikh. Lakini yapasa daktari ajue anachoambiwa, asidhani ni ubishi. Nyama ya punda wa kufugwa imekatazwa, kwa hiyo kumchinja si suala la kitoweo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani yetu, fiqhi ya zamani inakataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, na mfano wanaoutoa wanazuoni ni huyu huyu punda aliyelemaa. Madhehebu ya Hanafi yameona hakuna ubaya. Wanazuoni kadhaa wa zama hizi wanaruhusu maumivu yakiwa makali na tiba haipo. Nenda kwa sheikh unayemwamini, mweleze hali halisi ya mnyama, ikiwezekana daktari awepo.

Na fiqhi hiyo hiyo inayomzuia mzee wako inamwajibisha mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha hata kama hana faida tena, na inaharamisha kumbebesha asichokiweza. Mtume amesema watu wamche Mwenyezi Mungu kwa wanyama hawa wasiosema. Asiyekubali sindano bado anadaiwa chakula, maji, kivuli na dawa ya maumivu. Nimewaona wazee waliokataa sindano wakamhudumia punda wao kwa namna ambayo hospitali isingeweza, na nimewaona waliokataa kisha wakamwacha juani. Hao wawili hawakufanya jambo moja.

Basi tumekataa sindano. Tumfanyie nini mpaka mwisho?

Kwanza zungumza na daktari mpango wa maumivu, saa kwa saa, pamoja na atakachofanya dozi ya kawaida ikishindwa. Hili lifanywe mapema, siyo usiku wa mwisho.

Mlaze juu ya mchanga mkavu au majani makavu yaliyorundikwa unene wa mkono mzima, kivulini, upepo ukipita. Asilale ubavu muda wote, kwani uzito wake mwenyewe hubana pafu la chini na damu ya misuli. Mwinue akae kwa kifua, miguu imekunjwa chini yake, mwegemeze kwa magunia yaliyojazwa majani kila upande. Kila saa mbili hadi nne mgeuzeni. Inahitaji watu watatu wenye nguvu: mmoja kichwani, mmoja begani, mmoja kiunoni, na hakuna kuvuta mkia wala masikio.

Tazama mifupa ya nyonga, magoti na pembe ya jicho, ndipo ngozi huchubuka kwanza. Safisha sehemu za nyuma kila anapochafuka, kausha, paka mafuta mazito ya kukinga ngozi. Nzi ndio adui mkubwa: chandarua cha kitanda kilichotoboka kitafaa, kikiwa hakimgusi uso. Macho yapanguswe kwa kitambaa chenye maji safi, kitambaa tofauti kwa kila jicho. Maji apelekewe mdomoni kwa beseni pana, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Asiyeweza kumeza asimiminiwe chochote kwa chupa, yataingia mapafuni.

Pangeni zamu. Mtu mmoja hawezi. Na mzee wenu akiona usiku wa tatu kwamba mnyama anagugumia na dawa haifiki, mwacheni aseme tena na sheikh bila kuonyeshwa kidole.

Mwenzake atafahamu?

Atafahamu kama ataruhusiwa kuuona mwili. Punda huambatana wawili wawili, pengine miaka kumi na zaidi. Ukimwondoa mmoja usiku na mwingine asubuhi akute nafasi tupu, atazunguka, atalia, atagoma kula, na tumeshasema kugoma kula kunamfanya nini punda. Mwache na mwili. Atanusa pua, atanusa shingo, wengine husukuma kwa mguu wa mbele au kuuma nywele za shingoni. Halafu wakati fulani hugeuka na kuanza kula majani. Huenda ikawa nusu saa, huenda ikawa asubuhi nzima. Akishaondoka mwenyewe, mwili uchukuliwe. Wiki mbili zinazofuata pima anachokula, na usimletee mgeni kwa haraka kumjazia pengo.

Azikwe wapi?

Mbali na visima. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya Lamu, kwa hiyo huko hapana kabisa, hata kama mchanga ni rahisi kuchimba. Wala asitupwe baharini. Atarudi na maji kujaa. Uliza ofisi ya afya ya kaunti mahali panaporuhusiwa, chimba kina cha kutosha ili udongo wa juu uzidi mita moja, na ufukie siku hiyo hiyo.

Aliyekufa kwa pentobabitoni ana sumu mwilini. Mbwa, kunguru na paka watakaomla watakufa, na Lamu bila paka si Lamu. Kama kaburi la kina haliwezekani, mwambie daktari kabla hajaanza. Ipo njia ya kumlaza kwa usingizi kamili wa dawa kisha kutia lignokeini, dawa ya ganzi, kwenye maji ya uti wa mgongo, ambayo haiachi sumu ya namna hiyo.

Kuna dalali anamtaka huyu mzee. Si afadhali nipate chochote?

Jua anakokwenda. Kuanzia mwaka 2016 machinjio manne ya punda yalipewa leseni Kenya kwa ajili ya ngozi, ambazo China huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi nchini, ya 2019 ikahesabu karibu milioni 1.2. Serikali ilizuia uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikautengua uamuzi mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani kote. Wanunuzi wa kificho hawajaisha. Punda mgonjwa asiyeweza kubeba mzigo hanunuliwi abebe mzigo. Atasafirishwa amesimama, bila maji, kuelekea bara.

Matibabu ni bei gani?

Inategemea. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen, lilifungua hospitali ya punda mjini Lamu mwaka 1987 na kwa miaka mingi limetibu bila malipo, kwa hiyo mlango wa kwanza ni huo. Bara, ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Gharama kubwa ya punda mzee ni chakula na muda, na hivyo havina msamaha.

Haya yote yanafaa kwa farasi pia?

Utunzaji wa siku za mwisho, ndiyo. Namba, hapana: farasi ana joto la 37.5 hadi 38.5 na mapigo 28 hadi 44, kwa hiyo 38.3 ni kawaida kwake na kwa punda ni homa. Kuna pia maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoenezwa na visubi. Farasi wengi wanaoyapata hufa, ilhali punda mara nyingi hupita nayo bila dalili. Ukiwaweka pamoja, farasi wachanjwe.

Punda hana mwenyewe na anateseka barabarani. Naweza kuamua?

Peke yako, hapana. Tafuta alama zake, tangaza kwa vijana wa punda gatini na kwa mzee wa mtaa. Mara nyingi mwenyewe hupatikana ndani ya saa moja. Wakati huo mpe kivuli na maji, piga picha, mwite daktari au ofisi ya mifugo. Daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu papo hapo bila kumngoja mtu. Uamuzi wa kumaliza maisha yake, mwenyewe asipopatikana, daktari ataufanya pamoja na ofisi ya mifugo, na uandikwe, na jina la kila aliyekuwepo liandikwe.